Kisa cha Elaine Bromiley: laringoskopu ya video ingebadilisha nini?

Elaine Bromiley alikuwa Mwingereza wa miaka 37, mke na mama wa watoto wawili wadogo. Afya yake ilikuwa nzuri, isipokuwa alisumbuliwa muda mrefu na sainasi. Tarehe 29 Machi 2005 aliingia hospitali moja ya binafsi kufanyiwa upasuaji wa pua na sainasi, upasuaji wa kupangwa ambao ungeweza kuahirishwa hata wiki nzima bila madhara. Baadhi ya pingili za shingo yake zilikuwa zimeungana tangu kuzaliwa. Mbali na hilo, daktari wa usingizi hakuona dalili ya kumtahadharisha kwamba njia ya hewa ingekuwa ngumu. Tarehe 11 Aprili, siku 13 baadaye, Elaine alifariki bila kuzinduka.

Tunakijua kisa hiki kwa undani kwa sababu ya mume wake. Martin Bromiley alikuwa rubani wa ndege za abiria. Katika kazi yake ajali haizikwi na marehemu. Inachunguzwa ili rubani mwingine asiirudie. Aliomba uchunguzi huru, ukafanywa na Profesa Michael Harmer, na ripoti yake, majina ya wahudumu yakiwa yameondolewa, ikaachwa wazi kwa yeyote anayetaka kujifunza. Wengi wamekitumia kufundishia mawasiliano ndani ya chumba cha upasuaji, na wana haki. Mimi nataka kukitazama kwa jicho la kifaa ambacho leo kinaingia katika hospitali zetu kimoja kimoja, laringoskopu ya video, chombo chenye kamera cha kutazamia koo wakati wa kumtia mgonjwa mrija wa kupumulia. Je, kingemwokoa? Jibu ninaloamini si jibu la muuza vifaa.

Dakika kwa dakika

Saa 2:35 asubuhi Elaine alipewa dawa ya usingizi, propofoli pamoja na remifentanili. Mpango haukuwa kumtia mrija wa kupumulia. Ulikuwa kumwekea barakoa ya koo, ile inayokaa juu ya zoloto bila kupita katikati ya nyuzi za sauti. Barakoa haikuingia. Taya lilionekana kukaza. Daktari akaongeza propofoli, akajaribu saizi nyingine, ikakataa pia.

Saa 2:37 oksijeni kwenye damu ilikuwa imeshuka hadi asilimia 75, na rangi ya mgonjwa ilikuwa imeanza kubadilika. Saa 2:39 ikafika asilimia 40. Tuliozoea kuona oksimita, kipimo cha oksijeni kwenye damu, ikisoma 97 au 98 tunajua maana ya tarakimu hizo. Dakika 4 tu zilikuwa zimepita tangu apewe dawa, na kubana mfuko kwa barakoa ya uso hakukupeleka hewa ya kutosha mapafuni.

Mapigo ya moyo yakapungua, akapewa atropini ya kuyaongeza. Daktari mwingine wa usingizi akaja kusaidia. Elaine akapewa suksamethoniamu ili misuli ilegee, na kufikia saa 2:45 au hapo karibu walikuwa wakijaribu kumtia mrija. Daktari bingwa wa masikio, pua na koo, aliyekuwa akisubiri kumfanyia upasuaji, akaingia naye. Wakabadilisha laringoskopu, wakatumia fibaskopu, ule mrija mwembamba unaopinda wenye kuonyesha ndani. Haikuwezekana. Oksijeni ilibaki karibu asilimia 40.

Hapa pana mambo mawili ya ripoti ambayo kila anayefanya kazi hii anapaswa kuyajua. Muuguzi mmoja alileta seti ya trakeostomia, yaani vifaa vya kufungua njia ya hewa shingoni, na kuwaambia madaktari kwamba ipo. Hakujibiwa. Muuguzi mwingine alipiga simu kuomba kitanda cha wagonjwa mahututi, akarudi kuwaarifu, akatazamwa kana kwamba amekuza jambo, akaenda kukifuta.

Kufikia saa 2:55 barakoa ya koo ya aina nyingine, ile iliyotengenezwa ili mrija upitishwe ndani yake, ilisaidia na oksijeni ikapanda hadi karibu asilimia 90. Hata hivyo walitumia muda zaidi wakijaribu kupitisha mrija kupitia barakoa hiyo. Baada ya saa 3 waliacha, wakaamua mgonjwa aamke mwenyewe, wakampeleka chumba cha kuamkia. Hakuamka. Baadaye siku hiyo alihamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi cha hospitali nyingine. Ubongo wake ulikuwa umekaa bila oksijeni ya kutosha kwa kama dakika 20.

Kwa nini hawakuona

Madaktari watatu waliokuwa pale hawakuwa wanafunzi. Walikuwa na uzoefu wa miaka mingi, na kila mmoja pengine alikuwa amewasaidia mamia ya wagonjwa. Tukianza kwa kuuliza nani mzembe hatutajifunza lolote.

Laringoskopu ya kawaida, yenye bledi (ule ulimi wa chuma unaoingia mdomoni) iliyopinda aliyoitambulisha Robert Macintosh mwaka 1943, inamtaka daktari aone kwa jicho lake mwenyewe, kutoka nje ya mdomo hadi kwenye nyuzi za sauti, katika mstari ulionyooka. Mwili wa binadamu haukuumbwa hivyo. Mdomo unaelekea upande mmoja, koo upande mwingine, na bomba la hewa upande wa tatu. Ndiyo maana tunainua kichwa kwa mto, tunarudisha shingo nyuma, tunainua bledi kwa nguvu ya mkono wa kushoto. Shingo ambayo pingili zake zimeungana hairudi nyuma kama inavyotakiwa. Mstari haunyooki, na ukiinua kwa nguvu zaidi unapata damu na uvimbe tu.

Mwaka 1984 Cormack na Lehane walipanga kile kinachoonekana katika madaraja manne: la kwanza unaona mlango wote wa nyuzi za sauti, la nne huoni hata epigloti, kile kifuniko kilicho juu ya mlango huo. Katika daraja la tatu na la nne daktari anaingiza mrija kwa kubahatisha, au kwa kuhisi michirizo ya gegedu za bomba la hewa kwa ncha ya buji, ule mwongozo mrefu mwembamba ambao mrija hupitishwa juu yake.

Laringoskopu ya video inaweka kamera karibu na ncha ya bledi na kuonyesha picha kwenye kioo kilicho nje. Anayetumia ile ya kawaida ni kama anayechungulia uani kupitia tundu la mlango. Mwenye kamera amekwisha ingia ndani na kugeuza shingo. Daktari wa upasuaji wa Kanada, John Allen Pacey, ndiye aliyeibuni GlideScope, iliyoingia sokoni mwaka 2001, bledi yake ikiwa imepinda kwa takriban nyuzi 60. Kwa hiyo mwaka 2005 kifaa kilikuwepo duniani, lakini bado kilikuwa kigeni katika vyumba vingi vya upasuaji, Uingereza pamoja na kwingineko. Mwongozo wa Chama cha Njia Ngumu za Hewa cha Uingereza wa 2004 haukukifanya kuwa nguzo ya mpango wake. Ule wa 2015 ndio uliosema wazi kwamba kila daktari wa usingizi afundishwe kukitumia na awe nacho karibu wakati wote.

Kama kingekuwepo

Turudi saa 2:45, kwa sababu hapo ndipo kingeweza kusaidia kwa uhakika mkubwa zaidi. Tatizo la saa 2:37 halikuwa kutoona nyuzi za sauti; lilikuwa hewa kutofika mapafuni, na hakuna kioo kinachosukuma hewa. Lakini kuanzia pale uamuzi ulipokuwa kutia mrija, kuna uwezekano wa kweli kwamba bledi iliyopinda sana ingewapa picha ambayo macho yao hayakupata. Shingo isiyorudi nyuma ni mojawapo ya hali ambazo kifaa hiki hufanya vizuri, kwa kuwa hakihitaji mstari ulionyooka.

Ushahidi wa jumla unaunga mkono. Pitio la Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha matokeo ya tafiti za tiba, la 2022 lilikusanya tafiti 222 zenye washiriki zaidi ya 26,000, likaonyesha kwamba laringoskopu za video hupunguza kushindwa kutia mrija na huongeza nafasi ya kufaulu mara ya kwanza. Mwaka 2023 utafiti wa DEVICE, uliofanywa Marekani kwa watu wazima 1,417 waliokuwa wagonjwa mahututi, ulikoma mapema kwa sababu tofauti ilikuwa kubwa: walifaulu mara ya kwanza kwa asilimia 85.1 wakitumia video, na asilimia 70.8 wakitumia ya kawaida. Hata hivyo, utafiti huohuo haukuonyesha kwamba madhara makubwa wakati wa kutia mrija yalipungua. Ninalirudia hilo kwa makusudi. Kuingiza mrija mapema ni jambo jema, lakini mgonjwa hudhurika kwa kukosa oksijeni na kwa presha kuanguka, na hayo yanataka maandalizi zaidi ya kioo.

Jambo ambalo kisa hiki kinanifundisha kuliko yote kuhusu kifaa hiki ni wakati wa kukitoa. Hospitali nyingi huitunza laringoskopu ya video kama chombo cha uokoaji: jaribu kwanza ya kawaida, jaribu tena, badilisha bledi, halafu mtu aseme, leteni ile ya kamera. Ikifika, epigloti imevimba, damu na mate vimejaa kooni, na lenzi inaona ukungu mwekundu tu. Halafu watu wanasema haifai. Haifai kwa sababu iliitwa kuzika, haikuitwa kutibu. Kwa mgonjwa mwenye shingo ngumu, tezi la shingo, kidevu kilichorudi nyuma, au ujauzito, inapaswa kuwa mkononi kwa jaribio la kwanza kabisa, wakati tishu bado ni safi na oksijeni bado iko asilimia 99. Kama haitoshi kwa kila mgonjwa, iwekwe kando ya kichwa cha yule anayetiliwa shaka kabla hajapewa dawa, ikiwa imewashwa na picha imeonekana.

Macho ya chumba kizima

Kuna faida nyingine ambayo watengenezaji huitaja kwa kupita tu, nami naiona kuwa kubwa zaidi katika kisa cha Elaine. Anayetumia laringoskopu ya kawaida anaona peke yake. Fibaskopu za zamani hutazamwa kwa jicho moja kwenye kitundu kimoja. Wote waliobaki chumbani wanategemea maneno yake, na mtu anayepambana hasemi. Ananong'ona «kidogo tu», «nakaribia», «nipe nyingine».

Wale wauguzi wawili walijua. Mmoja alileta seti sahihi. Mwingine aliomba kitanda sahihi. Walichokosa ni msingi wa kusimamia kauli yao mbele ya madaktari bingwa watatu. Kioo kinampa msaidizi msingi huo. Anaona mwenyewe kwamba hapa hakuna nyuzi za sauti, kuna nyama na damu. Anaona mrija unaelekea umio. Anaona kwamba jaribio la tatu linaonyesha picha ileile ya jaribio la kwanza. Anayebonyeza zoloto kwa nje anaona mkono wake unasogeza nini, anarekebisha bila kusubiri kuelekezwa. Daktari mdogo anajifunza kwa kuona kile mwalimu wake anachokiona. Mjadala unahama kutoka «dokta, samahani, nadhani» hadi «sote tunaona haionekani».

Je, wangesema? Hakuna anayeweza kuapa. Kioo hakimpi mtu ujasiri. Kwenye chumba ambacho muuguzi akisema hutazamwa kama mkaidi, atatazama kioo kimya kama alivyotazama oksimita iliyosoma 40. Ile oksimita nayo ilikuwa mbele ya kila mtu, na tarakimu zake hazikuhitaji tafsiri. Kwa hiyo ninasisitiza kwamba picha ya pamoja iambatane na kauli za pamoja: anayetia mrija aseme kwa sauti anachoona, daraja la ngapi, jaribio la ngapi; na msaidizi apewe tangu mwanzo, kabla ya dawa, kazi ya kuhesabu majaribio na kutangaza oksijeni inapofika asilimia 90. Akiwa amepewa kazi hiyo mbele ya wote, kusema hakumhitaji kuvunja heshima. Kunyamaza ndiko kunakokuwa kutotimiza wajibu.

Mtego wa kuona vizuri

Yeyote aliyewahi kushika kifaa hiki anajua kero yake: nyuzi za sauti zinaonekana wazi, nyeupe, karibu kabisa, na mrija hauendi. Bledi iliyopinda imeonyesha njia ya kona, lakini mrija ulionyooka haupiti kona. Ndiyo maana bledi za aina hii zinataka waya mgumu ndani ya mrija, uliopindwa kufuata umbo la bledi. Mrija ukikwama mbele ya gegedu, rudisha bledi nyuma kidogo, kubali kuona nusu ya mlango badala ya mlango wote, vuta waya sentimita chache, zungusha mrija. Picha nzuri kupita kiasi mara nyingi ina maana kamera iko karibu mno na zoloto limeinuliwa mbali na njia ya mrija.

Kuna jeraha pia ambalo ni la kifaa hiki hasa. Macho yakigandia kioo wakati mrija unaingia mdomoni, ncha yake yenye waya inaweza kutoboa kaakaa laini au nguzo za tezi za koo, na hakuna anayeona kwa sababu kamera iko mbele zaidi. Utaratibu wa kulinda ni rahisi: tazama mdomoni unapoingiza bledi, kisha kioo, tazama tena mdomoni unapoingiza mrija hadi ncha yake ionekane, kisha kioo.

Lakini mtego mkubwa ni wa akili. Katika chumba cha Elaine watu watatu wenye ujuzi walinaswa na kazi moja, kutia mrija, hadi wakapoteza hesabu ya muda. Nina hofu ya kweli kwamba kioo kizuri kingeweza kuwanasa zaidi. Ukiona nyuzi za sauti unaamini uko sekunde chache tu kutoka kufaulu, na sekunde chache hizo zinaweza kuwa dakika 6. Mwongozo wa 2015 uliweka kikomo: majaribio matatu ya laringoskopu, na la nne liwe la mtu mwenye ujuzi zaidi tu. Kikomo hicho hakiongezwi kwa sababu picha inapendeza. Kati ya jaribio na jaribio, mgonjwa apewe oksijeni. Oksijeni isipofika kwa barakoa ya uso wala kwa barakoa ya koo, mlango uliobaki ni shingo, yaani kuikata kwa mbele na kuingiza mrija hapo.

Na walipofanikiwa kurudisha oksijeni hadi asilimia 90, saa 2:55, hapo ndipo pa kusimama na kufikiri: tumuamshe, au tuendelee kwa njia gani. Upasuaji ule ungeweza kungoja.

Kwetu

Martin Bromiley aliendelea na kuanzisha mwaka 2007 kundi la Clinical Human Factors Group, linalofundisha jinsi tabia na mazingira ya watu wanaofanya kazi pamoja yanavyookoa au kuua. Alieleza hadharani kwamba wahudumu wale walirudi kazini, na kwamba ndivyo alivyotaka.

Wengi wanaosoma haya hawafanyi kazi katika hospitali yenye madaktari bingwa watatu ndani ya dakika 10. Katika hospitali za wilaya za Tanzania na Kenya anayetoa usingizi mara nyingi ni muuguzi au ofisa tabibu aliyesomea usingizi, akiwa peke yake usiku, na mgonjwa ni mama wa upasuaji wa kujifungua mwenye tumbo lililojaa na koo lililovimba kwa presha ya ujauzito. Kwake hoja ya kioo ina uzito zaidi, kwa kuwa hakuna wa kumwita. Hata hivyo nimeona laringoskopu za video zilizofungiwa kabatini kwa kufuli, betri imekufa, funguo ziko kwa mtu aliye likizo. Kifaa cha msaada kisicho na bledi za akiba wala chaja ni mzigo. Kabla ya kukipokea, uliza bledi moja inatumika mara ngapi, inasafishwa kwa dawa gani, inachajiwa wapi umeme ukikatika, na ina saizi ya mtoto au haina. Kifanyiwe mazoezi kwa wagonjwa wenye njia rahisi, kila siku, ili mkono uwe umekwisha kuzoea siku ya mgonjwa mgumu.

Kifaa hicho kikikosekana, bado kuna buji ya bei nafuu, mto mzuri chini ya kichwa, na dakika 3 za oksijeni safi kabla ya dawa. Dakika hizo 3 ndizo akiba ya mgonjwa unapopapasa. Baada ya mrija kuingia, kapnografia, kipimo cha hewa ya ukaa katika pumzi inayotoka, ndiyo inayothibitisha, kwa sababu hata picha nzuri ya kioo imewahi kudanganya watu kuhusu mrija uliokaa kwenye umio. Hewa ya ukaa isipoonekana ikitoka pumzi baada ya pumzi, mrija uchukuliwe kuwa uko mahali pasipo.

Na kuhusu shingo: kisu cha upasuaji chenye bledi namba 10, buji, na mrija wenye puto wa milimita 6. Hivyo vitatu ndivyo vilivyotajwa na mwongozo wa 2015 kwa mgonjwa asiyeingia mrija wala hewa, na vinapatikana karibu kila hospitali yenye thieta. Viwekwe pamoja kwenye kifuko kimoja, kifuko kiwe pahali palepale kila siku. Kwa mgonjwa anayetiliwa shaka, pitisha kidole shingoni kabla ya dawa ya usingizi, tafuta kibonde kilicho chini ya kikoromeo, kile kinundu kinachotokeza mbele ya shingo, na juu ya gegedu la pete, na upige mstari kwa kalamu. Mtu wa pili aambiwe wakati huohuo, kwa maneno kamili, kwamba akiona oksijeni inashuka na majaribio matatu yamekwisha, yeye ndiye atakayefungua kifuko na kusema kwa sauti kwamba sasa ni shingo.